Bakteria wa tumboni wanapoonekana kwenye damu: wamepitia wapi?

Ukiwa kwenye grupu lolote la WhatsApp la familia au la kanisa hapa Nairobi, ujumbe huu umewahi kukufikia: fulani amelazwa, madaktari wamepata maambukizi kwenye damu, tunaomba maombi na mchango wa bili. Kisha maswali huanza. Alikula wapi? Maji yao ni ya mkokoteni? Ni hospitali iliyomwambukiza? Na jamaa mmoja akipiga picha karatasi ya maabara, ikaonekana imeandikwa E. coli, mazungumzo hugeuka kuwa ya aibu, kwa kuwa jina hilo wengi wetu tumelisikia kwenye habari za visima vilivyoingiliwa na kinyesi. Watu huamua kimya kimya kwamba mgonjwa alikula uchafu.

Mara nyingi hakula uchafu wowote. Bakteria waliomlaza huenda walikuwa wakiishi tumboni mwake kwa miezi au miaka bila kumdhuru, na yamkini wamo tumboni mwako pia wewe unayesoma. Swali lenye faida ni jingine: walipita mlango gani hadi wakafika kwenye damu, na mlango huo ulifunguliwa na nini?

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Damu ya mtu mwenye afya haina bakteria wakazi. Wachache huingia kwa muda mfupi, kwa mfano unapopiga mswaki na fizi zikatoka damu, lakini chembechembe nyeupe, ini na wengu huwaondoa upesi. Wakiingia wakabaki, na mtu akaanza kuugua, hayo ndiyo maambukizi ya damu. Sepsisi ni kitu kingine, ingawa viwili hivi huandamana sana: ni hali ambapo mwili, ukipambana na maambukizi ya mahali popote, iwe mapafu, figo au jeraha, unashindwa kudhibiti mapambano yenyewe na kuanza kuumiza viungo vyake. Shinikizo la damu hushuka, figo hupunguza mkojo, akili huvurugika. Unaweza kuwa na bakteria kwenye damu kabla sepsisi haijaanza, na unaweza kuwa na sepsisi huku damu ikipimwa isionekane chochote. Kwa mwaka 2017 pekee ilikadiriwa kwamba watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 wakafa, yaani karibu kifo kimoja katika kila vitano vilivyotokea duniani mwaka huo.

Bakteria nyemelezi ni wale wasiomsumbua mtu mwenye kinga imara, ngozi nzima na utumbo mzima, lakini wakipata upenyo wanadhuru. Wengi tunakumbuka kampeni za UKIMWI zilizotufundisha kuhusu magonjwa nyemelezi. Maana hapa ni ile ile, ila mlengwa si lazima awe na virusi vya UKIMWI. Anaweza kuwa mama mjamzito, mzee mwenye tezi dume iliyovimba, mtoto njiti, au mtu aliyefanyiwa upasuaji wiki iliyopita.

Wakazi wa utumbo

Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba mwanamume wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na seli za mwili wake mwenyewe, na kwamba ukiwapima wote hawazidi gramu mia mbili hivi. Karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Wengi wao hawavumilii oksijeni kabisa. Hao ndio wanaovunjavunja nyuzinyuzi za sukuma wiki, maharagwe na ndengu ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, na katika kazi hiyo hutoa asidi zinazolisha seli za ukuta wa utumbo.

E. coli ni wachache sana katika umati huo. Kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hawafiki hata asilimia moja. Daktari wa watoto Theodor Escherich aliwaeleza mwaka 1885 baada ya kuchunguza choo cha watoto wachanga, na hakuwakuta kwa wagonjwa tu, bali hata kwa watoto wenye afya. Klebsiella na Enterococcus nao ni wachache. Kati ya bakteria wa utumboni, majina haya matatu ndiyo utakayokutana nayo sana kwenye majibu ya vipimo vya damu, na yote matatu ni ya wakazi wa kawaida.

Wanabaki wachache kwa sababu wengine wamewatangulia kula chakula na kushika nafasi, na asidi wanazotoa haziwafai. Kisha kuna ukuta. Utumbo mpana umetandikwa ute wa tabaka mbili. Lile la nje lina bakteria tele. Lile la ndani limeshikamana sana na halina bakteria karibu hata mmoja. Chini ya ute kuna safu moja tu ya seli, zilizobanana, ambazo mwili huzibadilisha zote kila baada ya siku nne au tano. Nyuma yake wako askari wa kinga. Na bado, karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupitia ini kwanza, na huko kuna seli ambazo kazi yao ni kummeza bakteria yeyote aliyeponyoka.

Mkazi wa Nairobi analielewa hili kwa urahisi akifikiria mabomba. Katika mitaa mingi bomba la maji safi na la maji taka hupita karibu karibu. Yote mawili yakiwa mazima, na maji safi yakija kwa presha, hakuna anayeugua. Siku ya mgao presha ikishuka, na bomba lina ufa, maji taka hunyonywa ndani. Siku hiyo maji taka hayakuwa machafu zaidi ya jana. Kilichoongezeka ni ufa, kilichopungua ni presha.

Milango

Mlango unaotumiwa zaidi na E. coli hautoboi utumbo hata kidogo, na hili huwashangaza wengi. Bakteria hutoka na choo, husafiri kwenye ngozi umbali wa sentimita chache, hupanda mrija wa mkojo hadi kwenye kibofu, na wasipozuiwa hupanda tena hadi kwenye figo. Figo ni kiungo kilichojaa mishipa ya damu, kwa hiyo kutoka hapo kuingia kwenye damu ni hatua fupi. Maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo, yale ambayo hapa mjini huitwa UTI, kwa takriban robo tatu au zaidi husababishwa na E. coli hawa wa nyumbani. Wanawake huyapata zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi. Wanaume huanza kuyapata umri ukisogea na tezi dume kuziba njia, mkojo ukabaki kwenye kibofu. Choo cha umma cha stendi, ambacho hulaumiwa kila mara, kina hatia ndogo sana. Nasikitika kila nikimsikia mwanamke akihojiwa na mumewe au mama mkwe kuhusu usafi wake kwa sababu ya UTI, maana hakuna alichokosea.

Mlango wa pili ni ukuta unapopasuka kweli: apendiksi iliyokaa siku tatu bila kutibiwa, kijiwe kilichoziba njia ya nyongo, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, au uvimbe wa saratani. Hapa kuna jambo ambalo natamani kila familia ilijue. Yupo bakteria wa utumboni aitwaye Streptococcus gallolyticus. Akipatikana kwenye damu, daktari hatakiwi kumtibu tu na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani. Anatakiwa amchunguze utumbo mpana kwa kamera, kwa kuwa uhusiano wake na saratani ya utumbo umejulikana kwa miongo mingi. Kwa baadhi ya wagonjwa, maambukizi ya damu ndiyo dalili ya kwanza ya uvimbe ambao hawakuujua.

Wa tatu ni vifaa na mikono. Kanula ya dripu, mpira wa mkojo, mashine ya kupumulia: kila kimoja kinaruka ulinzi fulani wa mwili. Kwa hiyo wanaouliza kama hospitali imehusika hawaulizi upuuzi. Katika wadi za watoto wachanga humu nchini, Klebsiella amekuwa tatizo la kweli. Mtoto njiti hana umati wa bakteria wa kumlinda, ngozi yake ni laini mno, na mikono ile ile isiyooshwa vizuri inaweza kumbeba Klebsiella kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Shirika la Afya Duniani lilipotoa upya orodha yake ya bakteria wa kutiliwa mkazo mwaka 2024, Klebsiella asiyesikia dawa za kundi la karbapenemu, antibiotiki kali za kutumia nyingine zikishindwa, aliwekwa juu kabisa. Mwanya wa kulaumu upo, ila uelekezwe kwenye sinki lisilo na maji na muuguzi mmoja anayeachiwa watoto wengi mno, badala ya mama aliyekuja na uji kwenye chupa ya chai.

Wa nne ni kinga kushuka. Dawa za kemo huua seli zinazozaliana kwa kasi. Saratani ni mojawapo, na safu ile ya seli za utumbo ni nyingine, pamoja na chembechembe nyeupe. Kwa siku kadhaa mgonjwa ana nyufa na hana askari. Ndiyo maana anayetumia kemo huambiwa kwamba joto la nyuzi 38 si la kusubiri asubuhi. Watoto wenye utapiamlo mkali wako katika hatari ya namna hiyo, na malaria nayo inachangia. Watafiti wa Kilifi waliripoti mwaka 2005 kwamba karibu robo ya watoto waliofia katika hospitali ya huko walikuwa na bakteria kwenye damu. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba malaria yenyewe huwafungulia bakteria njia: malaria ilipopungua pwani, maambukizi ya damu kwa watoto yalipungua pia.

Ushahidi kwamba wanatoka ndani

Mtu anaweza kuuliza, tunajuaje? Zipo tafiti zilizolinganisha vinasaba vya bakteria wa kwenye damu na wale wa kwenye choo cha mgonjwa yule yule na kukuta ni ukoo mmoja. Katika utafiti uliofanyika New York na kuchapishwa mwaka 2012, wagonjwa waliopandikizwa uboho walipimwa choo mara kwa mara. Pale Enterococcus walipouteka utumbo, hatari ya kuingia kwenye damu iliongezeka takriban mara tisa. Kwanza walizidi tumboni, kisha wakaonekana kwenye damu.

Ushahidi ulioniumiza zaidi ulitoka Marekani mwaka 2019. Kuna tiba ambayo mgonjwa huwekewa choo kilichoandaliwa cha mtu mwenye afya, ili kurudisha bakteria wazuri. Wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipewa kutoka kwa mtoaji mmoja, ambaye hakuwa akiumwa chochote. Choo chake kilikuwa na E. coli wasiosikia dawa, na hakikuwa kimepimwa kwa ajili hiyo. Wote wawili walipata maambukizi ya damu, mmoja akafariki. Bakteria ni wale wale. Aliyewatoa alikuwa akiendelea na maisha yake.

Kemisti wa mtaani anaingiaje?

Tumbo likisokota, wengi wetu tunakwenda dukani na kuomba Flagyl, kama mtu anayenunua unga. Dawa hiyo, metronidazoli, ina kazi yake na huokoa maisha. Ila inawaua hasa bakteria wasiopenda oksijeni, yaani ule umati unaowabana E. coli na Klebsiella. Hao wawili haiwagusi. Seftriaksoni, sindano inayochomwa kwa karibu kila homa kali, kiasi kikubwa hutoka kupitia nyongo na kuingia kwenye utumbo, nako huko huua wanaoisikia na kuwaachia nafasi wasioisikia. Kila dozi isiyohitajika inabadilisha nani yuko wengi tumboni.

Umati hurudi, lakini huchukua wiki hadi miezi, na si wote wanaorudi. Wakati huo bakteria wenye vimeng'enya vya kuvunja dawa wanaweza kustawi bila mwenye tumbo kuhisi lolote. Tafiti zilizofanyika Kibera zimewakuta watu wengi wasioumwa wakiwa nao. Mtu huyo akija kupata UTI inayopanda hadi kwenye figo mwakani, sindano ya kwanza hospitalini huenda isifanye kazi, na hapo saa zinazopotea ni za hatari.

Sisemi watu waache antibiotiki. Mwenye bakteria kwenye damu anazihitaji haraka sana; shinikizo la damu likiwa limeshaporomoka, mwongozo ni kuzianza ndani ya saa moja. Nasema zile za mafua, za kuharisha mara mbili na za "nimechoka choka" ndizo zinazotumaliza.

Ndani ya maabara

Kipimo kinachothibitisha maambukizi ya damu ni kuotesha. Muuguzi husafisha ngozi, huchota damu ya mtu mzima takriban mililita kumi kwa kila chupa, na chupa hizo zina mchuzi wa kulisha bakteria. Huwekwa kwenye mashine yenye joto la mwili inayozitikisa taratibu. Bakteria wakianza kupumua na kutoa hewa ya kaboni, mashine hulia. Mtaalamu huchukua tone, hulipaka kwenye kioo, hulitia rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, na chini ya hadubini E. coli au Klebsiella huonekana kama vijiti vya waridi. Kwenye sahani ya kuoteshea, Klebsiella huwa na ute mzito. Aina zake nyingine, ukizigusa kwa kijiti cha maabara na kukiinua, hufuata kama uzi. Ute huo ni koti linalomfanya awe mgumu kumezwa na chembechembe nyeupe.

Kisha hujaribiwa dawa gani zinamuua. Yote haya huchukua siku mbili hadi tano, ndiyo maana daktari huanza dawa kwa kukisia na kubadilisha baadaye. Familia nyingi huona kubadilishiwa dawa ni dalili ya kubahatisha. Kwa kweli ni dalili kwamba majibu yamesomwa.

Kipimo hicho si sawa na Widal, ambacho kwenye kliniki nyingi ndogo za mitaani ndicho kinachowapa watu jibu la "una taifodi". Widal huangalia kingamwili, na kingamwili zinaweza kutokana na maambukizi ya zamani, chanjo au bakteria jamaa. Homa ya matumbo yenyewe iko kundi tofauti: bakteria wake hajakaa kusubiri ufa, ana uwezo wa kujipenyeza mwenyewe hata kwa mtu mwenye nguvu zake.

Ya kusafisha damu na kusafisha tumbo

Maambukizi ya damu siyo "damu chafu", na hakuna mwarobaini, shubiri wala chai ya kuondoa sumu inayomtoa Klebsiella kwenye mishipa. Mambo ya kusafisha utumbo nayo si mapya. Mwanzoni mwa karne iliyopita daktari mpasuaji wa London, Arbuthnot Lane, aliamini kwamba uchafu wa utumbo mpana unasumisha damu, akafika hatua ya kuwaondolea watu utumbo huo mzima. Madaktari wenzake walimpinga, na upasuaji huo ukaachwa. Leo wazo hilo linauzwa kwenye pakiti katikati ya jiji.

Maziwa lala ni chakula kizuri, endelea kunywa. Lakini vidonge vya bakteria wazuri si vya kumpa kila mtu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu kuwapa watoto njiti, baada ya mmoja kufariki kwa bakteria wa aina aliyopewa, aliyeingia kwenye damu yake.

Na kumkumbatia mgonjwa? Maambukizi haya hayarukii mtu kwa kukaa naye. Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa, hasa ukimsaidia chooni au ukishika mpira wa mkojo.

Usilale nyumbani na mtu mwenye homa au mwili uliopoa ghafla, anayetetemeka hadi meno kugongana, anayepumua mbio, aliyechanganyikiwa au asiyekojoa tangu jana. Mtoto mchanga anayekataa titi na kulegea apelekwe usiku huo huo. Wachanga wengi wenye maambukizi haya hawapati homa kabisa.

Ukifika, uliza kwa upole lakini uliza: damu ya kuotesha imechukuliwa kabla ya dozi ya kwanza? Majibu yakitoka, uliza bakteria ni nani, na mmejua alipitia wapi. Jibu likiwa ni njia ya mkojo, huenda figo zikahitaji kupigwa picha; likiwa ni kanula au mpira wa mkojo, uliza kama bado kinahitajika au kitolewe. Mtaje kila kidonge alichomeza miezi mitatu iliyopita, hata kile cha dukani ambacho mnaona haya kukitaja. Na siku ya kuruhusiwa, omba nakala ya karatasi ya maabara yenye orodha ya dawa zilizomuua bakteria huyo na zile zilizoshindwa, uiweke pamoja na kadi yake ya kliniki. Akirudi na homa mwezi ujao, daktari wa zamu ataanzia hapo.